Mvua ya Kericho na runinga zinazozima: Lawama si za mawingu pekee

WAKAZI wa Sosiot na vijiji vinavyouzunguka mji huo katika eneobunge la Belgut, Kaunti ya Kericho, aghalabu hawahitaji mtaalamu wa hali ya hewa kuwaambia kwamba mvua i karibu. Runinga huwaambia. Picha huanza kukatika vipande vipande, sauti hukwama, kisha kioo hubaki cheusi chenye maandishi yanayoeleza kuwa mawimbi yanatafutwa. Dakika chache baadaye matone ya kwanza hugonga mabati.

Kero hiyo imezoeleka kiasi cha kuhesabiwa kuwa sehemu ya maisha katika maeneo ya majani chai, sawa na matope ya Aprili na ukungu wa alfajiri. Hata hivyo, mteja anayelipia king'amuzi kila mwezi ana haki ya kuuliza maswali mawili. Je, ni kweli kwamba hakuna linaloweza kufanywa? Na je, hasara ya saa ambazo huduma haikupatikana ni ya nani?

Ili kulijibu swali la kwanza ni sharti kuanza na mawingu yenyewe, kwa kuwa mawingu ya Kericho si ya kawaida. Wakati wa mchana, upepo mwanana kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko na kukutana na pepo zinazotoka mashariki kupitia Bonde la Ufa na msitu wa Mau. Hewa yenye unyevu hukosa pa kwenda ila juu. Ifikapo alasiri mawingu yamekwisha kuumuka, na ngurumo husikika kutoka Londiani hadi Sotik.

Matokeo yake ni mvua inayokaribia au kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi za kaunti hiyo, bila mwezi unaoweza kuitwa kiangazi kamili. Isitoshe, vitabu vya hali ya hewa vimeitaja Kericho kwa miongo mingi miongoni mwa sehemu zinazoongoza duniani kwa mvua ya mawe. Takwimu inayonukuliwa mara kwa mara ni ya siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka.

Makampuni ya chai yaliwahi kupigana na mawingu hayo, na si kwa mzaha. Mnamo 1963 majaribio ya kurusha roketi mawinguni yalifanywa katika mashamba ya Kericho kwa nia ya kuyavunja mawe ya mvua kabla hayajaanguka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katika miaka ya 1970, ndege zilikodiwa kunyunyiza kemikali yenye madini ya fedha ndani ya mawingu. Mapema katika miaka ya 1980, mtafiti Russell Schnell na mwenzake walipendekeza kwamba vumbi la majani makavu ya chai linalopeperushwa wachumaji wanapopita kati ya michai huenda huchangia kuyagandisha maji angani. Kwa maneno mengine, chai yenyewe ilishukiwa kujiletea balaa.

Lililo wazi ni kwamba wanasayansi hao walihangaikia majani ya chai, si runinga. Lakini wingu linalochana majani ndilo linalozuia mawimbi ya setilaiti, na saa zake ni zile zile.

Mawimbi ya runinga za setilaiti zinazolipiwa hapa Kenya husafiri katika masafa yanayojulikana kama Ku, ambayo ni ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. Urefu wa wimbi moja katika masafa hayo ni karibu sentimita mbili na nusu. Tone kubwa la mvua lina upana wa milimita chache tu, lakini tofauti hiyo ya ukubwa si kubwa vya kutosha kulifanya wimbi lipite bila kudhurika. Tone hunyonya sehemu ya nguvu ya wimbi na kuitawanya nyingine.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapolaumu mawingu au ukungu. Ukungu wa Kericho, hata unapoficha mti ulio umbali wa hatua ishirini, haulisumbui dishi kwa kiasi cha kuonekana kwenye kioo. Vitone vyake ni vidogo mno. Mvua ya rasharasha nayo hudhuru kidogo. Kwa kanuni za ukokotoaji zinazotumiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), mvua ya milimita tano kwa saa hupunguza nguvu ya mawimbi kwa karibu sehemu moja ya kumi katika safari ya kilomita tatu. Lakini mvua ya milimita 50 kwa saa, ambayo si jambo la ajabu katika dhoruba ya alasiri, huacha robo tu au pungufu ya nguvu hiyo. Ikifika milimita 100 kwa saa, kinachosalia ni chembe.

Kilomita tatu hizo hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Katika nchi za ikweta, mvua ya maji huanzia katika kimo cha karibu kilomita tano juu ya usawa wa bahari; juu ya hapo ni barafu zaidi, na barafu kavu haiyadhuru mawimbi sana. Kericho iko katika kimo cha karibu mita 2,000. Kwa hivyo wimbi linaloshuka wima hupita katika mvua kwa kilomita tatu tu kabla ya kulifikia dishi. Mjini Mombasa, wimbi kama hilo lingepita katika mvua kwa kilomita tano. Miinuko inayoalika dhoruba ndiyo hiyo hiyo inayoifupisha njia ya wimbi, na ni wachache wanaoikumbuka neema hiyo wakati kioo kimekuwa cheusi.

Neno "wima" hapo juu halikutumiwa kwa kutia chumvi. Mtambo wa DStv unaohudumia Kenya uko katika nyuzi 36 mashariki, ambako setilaiti za kampuni ya Eutelsat zimekuwa zikipokezana zamu: W4 iliyorushwa mwaka 2000, W7 ya mwaka 2009, na 36D iliyorushwa Machi 2024. Kericho nayo iko karibu nyuzi 35.3 mashariki, chini ya kilomita 50 kutoka ikweta. Setilaiti hiyo, iliyo kilomita 36,000 hivi juu, inakaa karibu kabisa utosini mwa mkazi wa Sosiot. Ulaya, dishi husimama ukutani kama sahani iliyoegemezwa kabatini. Belgut, hulala chali likitazama mbingu.

Watanzania huliita dishi "ungo", na mahali pengi pa Afrika Mashariki jina hilo limefaa kuliko walivyokusudia. Ungo ulioinama kidogo hupokea kila kinachoanguka: maji, mawe ya mvua, majani ya mkaratusi, kinyesi cha ndege. Utando wa maji juu ya dishi na juu ya kofia ya plastiki ya kipokeo huongeza hasara kwa wimbi ambalo tayari limedhoofika. Ndiyo sababu runinga nyingine hukawia kurudi hata baada ya mvua kuanuka. Anga imetakata, lakini dishi bado limelowa, au limebeba mawe yanayoyeyuka polepole kwenye ukingo wake wa chini.

Kasoro hiyo ina dawa rahisi ambayo mafundi wachache huitaja. Tundu dogo la milimita chache katika sehemu ya chini kabisa ya dishi, likipakwa rangi ukingoni ili lisishike kutu, hutoa maji bila kupunguza uwezo wa kupokea, kwa kuwa ni dogo mno likilinganishwa na urefu wa wimbi lenyewe. Wanaolifunika dishi kwa karatasi ya plastiki hawapati faida kubwa. Maji hujitandaza juu ya plastiki badala ya kujitandaza juu ya bati.

Mambo ni tofauti kwa wateja wa mitambo iliyo magharibi. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013, hutangaza kutoka nyuzi 7 mashariki. Dishi lake hapa Kericho huelekea upande wa Ziwa Victoria likiwa limeinuka kwa nyuzi 57 hivi. Maji hayatuami kwa urahisi, lakini njia ya wimbi katika mvua ni ndefu zaidi, na miti ya mgrevilea iliyopandwa mipakani mwa mashamba huweza kuikata njia hiyo inapokua. Dishi lililofanya kazi vyema miaka mitano iliyopita laweza kushindwa leo, na mwenyewe akadhani mvua imezidi kumbe ni mti.

Dishi la aina hiyo pia linaeleza lile fumbo la runinga kuzima kabla ya mvua kufika. Wimbi huja kwa mshazari, hivyo dhoruba iliyo kilomita moja au mbili kuelekea ziwani huliziba hata kama Sosiot kungali na jua.

Jambo jingine linalofanya tatizo lionekane kubwa kuliko lilivyokuwa zamani ni teknolojia ya dijitali. Runinga za analogi ziliachiwa picha idhoofike taratibu. Mtazamaji aliona chenga, akasikia mchakato wa sauti, lakini habari aliipata. Mawimbi ya dijitali hayana katikati. Yakishuka chini ya kiwango fulani, picha huvunjika mara moja na kutoweka. Kati ya picha safi na giza kuna upana mdogo mno.

Ni upana huo, yaani akiba ya nguvu iliyopo siku ya jua, unaoamua iwapo nyumba fulani itakaa gizani kwa dakika tano au kwa dakika arobaini. Akiba hiyo haiamuliwi na mawingu. Huamuliwa na ukubwa wa dishi, usahihi wa mwelekeo wake, hali ya kipokeo, na uzima wa waya na viungo vyake. Majirani wawili katika kijiji kimoja, chini ya wingu moja, hupata huduma tofauti kwa sababu hiyo.

Dishi la sentimita 90 hukusanya mawimbi mara mbili na robo zaidi ya dishi la sentimita 60. Tofauti hiyo haitaishinda dhoruba ya mawe, lakini yatosha kuivusha runinga katika mvua nyingi za kawaida. Mkulima aliyepokea bonasi ya majani chai anaponunua vifaa mjini Kericho, huuziwa kifurushi kilichopangwa kwa bei, si kwa mvua ya kwao. Dishi dogo ni jepesi kubeba, ni rahisi kulifunga, na siku ya kufungwa, jua likiwaka, linafanya kazi vizuri kabisa.

Kwa kawaida lawama huelekezwa kwanza kwa kampuni, kisha kwa serikali, na mwisho kwa fundi. Ingefaa mpangilio huo upinduliwe. Fundi anayeliacha dishi pindi picha inapotokea, bila kulisogeza kidogo kidogo hadi kipimo cha ubora wa mawimbi kifike kilele chake, amemnyima mteja akiba yote ambayo angeihitaji Aprili. Kiungo cha waya kisichozibwa vyema huingiza maji, shaba hubadilika rangi, na kila msimu wa mvua huwa mbaya kuliko uliotangulia. Mteja huona tatizo likizidi na kuamini kwamba hali ya hewa ndiyo inayobadilika.

Yapo pia matatizo ambayo mvua husingiziwa. Kwa watumiaji wa DStv, maandishi ya E48 kwenye kioo humaanisha kwamba mawimbi hayafiki, lakini E16 huhusu malipo au kadi, na hakuna mvua inayoleta E16. Stima ikipotea katika mtaa mzima wakati wa dhoruba, hilo ni la nguzo na nyaya za umeme. Na kila mwaka, karibu na siku za ikwinoksi za Machi na Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na kelele zake za redio huyameza mawimbi kwa dakika chache adhuhuri, kwa siku kadhaa mfululizo. Wakati huo mbingu huwa nyeupe, na fundi anayeitwa kuja kutengeneza dishi hupata ujira wa bure.

Hatari kubwa kuliko kukosa picha iko juu ya paa. Vijana hupanda mabati yaliyolowa, ngurumo zikiendelea, ili walisogeze dishi ambalo halikuwa limesogea. Nyanda za magharibi mwa Kenya, kuanzia Kakamega hadi Kisii, zinajulikana kwa radi zinazoua watu na mifugo, na Kericho imo katika ukanda huo. Anayefanikiwa kulisogeza dishi wakati wa mvua hulitoa katika mwelekeo wake sahihi, na mvua ikikoma runinga hairudi. Lililo la busara ni kuchomoa king'amuzi kwenye umeme na kwenye waya wa dishi wingu likiwa bado mbali, kwa sababu radi inayopiga nguzo iliyo mbali huweza kusafiri kwa nyaya hadi sebuleni.

Swali la hasara ni gumu zaidi, na makampuni hayapendi kulizungumzia. Wahandisi husanifu mifumo kwa wastani wa mwaka. Chukua mfano wa huduma iliyosanifiwa ipatikane kwa asilimia 99.7 ya mwaka. Kiwango hicho kinasikika kizuri katika tangazo la biashara. Asilimia 0.3 iliyosalia ni saa 26.

Kama saa 26 hizo zingesambazwa sawasawa mchana na usiku, hakuna ambaye angezijali. Nyingi zingepita watu wakiwa wamelala. Lakini mvua ya Kericho haisambai hivyo. Hukusanyika alasiri na mapema jioni, na zaidi katika miezi ya mvua nyingi. Saa 26 zikigawanywa katika vipande vya nusu saa ni jioni zaidi ya 50, na ni katika jioni hizo ambapo mfanyakazi wa shambani amerudi nyumbani.

Mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa tisa alasiri kwa saa za huko. Aprili na Mei hiyo ni saa kumi na moja jioni nchini Kenya. Baada ya saa za Uingereza kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, ni saa kumi na mbili. Ni vigumu kuchagua wakati mbaya zaidi kwa mtu mwenye dishi Kericho. Taarifa za habari za Kiswahili za saa moja jioni nazo huwapata wengi mvua ikiwa haijaisha.

Kwa mwenye kibanda cha kuonyesha kandanda katika vituo vya biashara kama Sosiot, Kapsoit au Kabianga, nusu saa ya giza si kero bali ni mapato ya siku. Watazamaji wamelipa mlangoni. Picha ikitoweka dakika ya sabini, hudai fedha zao, na ada ya kampuni haipungui hata senti. Wafanyabiashara hao wamezoea kuwa wa mwisho kufikiriwa. Januari 2009, kampuni ya GTV iliyokuwa imeingia sokoni mwaka 2007 na kununua haki za mechi hizo ilifilisika ghafla, wakabaki na madishi na ving'amuzi visivyo na kazi. Wakati huo hapakuwa na wingu lolote la kulaumu.

Si kandanda pekee iliyo hatarini. Serikali ilipofunga shule Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, Taasisi ya Kukuza Mitaala (KICD) ilitegemea redio na idhaa yake ya runinga kuwafikia wanafunzi. Wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021. Kipindi hicho kilianza sambamba na mvua ya masika, ambayo mwaka huo ilikuwa kubwa kiasi cha kuliinua Ziwa Victoria hadi kiwango kisichokuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Mtoto wa Belgut aliyekosa kipindi cha hisabati kwa sababu ya dhoruba hakuwa na mwalimu wa kumrudishia.

Oktoba 2024, na tena Agosti 2025, kesi za kumwondoa mamlakani Gavana wa Kericho Erick Mutai zilisikizwa katika Seneti jijini Nairobi na kuonyeshwa moja kwa moja. Kwa mpigakura wa Sosiot, runinga ndiyo iliyokuwa njia ya kuona mwenyewe hoja zilizotolewa kuhusu fedha za kaunti yake, badala ya kusimuliwa na wanasiasa wiki iliyofuata. Na katika mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 250 nchini, habari zilihitajika zaidi katika saa zile zile ambazo dishi halina uwezo wa kuzileta.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma za ubora unaofaa pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Kanuni za mwaka 2010 za kulinda wateja wa mawasiliano zinamtaka mtoaji huduma aeleze kwa ukamilifu na uwazi bei na masharti yake. Mikataba ya runinga za kulipia nayo kwa kawaida huwa na kipengele kinachoiondolea kampuni dhima kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wake, na mvua huwekwa humo.

Si haki kudai kwamba kampuni irudishe shilingi kwa kila dhoruba. Hakuna anayeweza kuizuia mvua, na gharama ya kuhesabu dakika za kila nyumba ingezidi fidia yenyewe. Lakini kipengele hicho kinatumika kufunika mengi mno. Kampuni inayojua kwamba inauza dishi katika eneo lenye dhoruba nyingi kiasi hiki haiwezi kusema kuwa dhoruba hizo zimeishtukiza. Takwimu za mvua za Kericho zimekuwapo tangu enzi za wakoloni, nyingi zikiwa zimekusanywa na makampuni ya chai na watafiti wa zao hilo. Kumwambia mteja wa Belgut kabla hajalipa kwamba anahitaji dishi la sentimita 90, na kwamba hata hilo litazimika mara kadhaa Aprili, hakuhitaji sheria mpya wala mtambo mpya. Mamlaka ya Mawasiliano (CA), ambayo imekuwa ikipima kwa bidii ubora wa huduma za simu za mkononi, ingeweza kuanzia hapo.

Wanaoshauri wakazi warudie antena za kawaida wana hoja, lakini si kamili. Mawimbi ya runinga za dijitali yanayorushwa kutoka minara ya nchi kavu ni marefu, na mvua haiyasumbui sana. Tangu kuzimwa kwa analogi mapema mwaka 2015, hatua iliyoziacha NTV, KTN na Citizen nje ya hewa kwa karibu wiki tatu kutokana na mzozo na serikali, idhaa nyingi za humu nchini hupatikana bila ada ya kila mwezi. Tatizo la Belgut ni milima na mabonde. Nyumba iliyo mgongoni mwa kilima hupata idhaa zote, na iliyo bondeni, umbali wa mwendo wa dakika kumi, haipati hata moja. Minara mingi nayo hupokea vipindi kwa setilaiti kabla ya kuvirusha, kwa hivyo dhoruba ikitua juu ya mnara, wilaya nzima huweza kuzimika kwa pamoja.

Redio ya FM ndiyo isiyojali. Wimbi lake lina urefu wa karibu mita tatu, na tone la mvua si kitu mbele yake. Si ajabu kwamba Kass FM na Chamgei FM zingali na wasikilizaji waaminifu katika nyumba zilizo na runinga kubwa ukutani.

Waliojenga mawasiliano ya setilaiti nchini walilielewa jambo hili mapema. Kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970 kilitumia masafa ya C, ya karibu gigahezi nne kwa mawimbi yanayoshuka, ambayo hupita katika mvua kubwa bila kupoteza mengi. Bei yake ilikuwa dishi kubwa mno. Hata kwa matumizi ya nyumbani, masafa hayo yalihitaji dishi la zaidi ya mita mbili, jambo ambalo watu wengi hawangeweza kulimudu. Masafa ya Ku yalileta dishi dogo na bei nafuu, na mvua ikawa sehemu ya bei hiyo bila kuandikwa kwenye risiti.

Mwelekeo wa sasa ni kwenda juu zaidi. Sehemu za masafa ya C zimekuwa zikigawiwa simu za mkononi. Huduma za intaneti ya setilaiti zinazotafuta wateja vijijini hutumia Ku, kama Starlink iliyoingia Kenya Julai 2023, au Ka, kama setilaiti ya Konnect ya Eutelsat iliyorushwa Januari 2020. Katika masafa ya Ka, hasara inayoletwa na mvua ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Ku kwa kipimo cha wahandisi. Starlink ina nafuu kidogo kwa kuwa setilaiti zake huhama angani na njia ya wimbi hubadilika, lakini mvua iliyo juu ya paa haina njia ya kuikwepa.

Shule, zahanati na vyama vya ushirika vya wakulima wa chai katika maeneo kama Belgut vinavyofikiria kununua vifaa hivyo vitakutana na dhoruba zile zile za saa kumi alasiri. Kwa zahanati inayotuma rekodi za wagonjwa, au kiwanda kinachotuma hesabu ya kilo za majani zilizopokelewa siku hiyo, la kuulizwa kabla ya kutia sahihi ni iwapo kuna njia ya pili ya mawasiliano, kama laini ya simu, ya kutumia setilaiti inapozimika, na iwapo muuzaji yuko tayari kuandika katika mkataba saa ambazo huduma inatarajiwa kukosekana kwa mwezi wa Aprili, badala ya wastani wa mwaka mzima.